Masizi, Pasi na Mafuta ya Kitani

Bunduki ya M1 Garand iliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi haipatikani ikiwa mpya. Jeshi la Marekani liliipokea rasmi mwaka 1936, viwanda vikaacha kuitengeneza katika miaka ya 1950, na katika zile milioni 5.4 hivi zilizotoka, karibu kila iliyobaki imeshapita mikono mingi: askari, mtunza ghala, fundi wa jeshi, wakati mwingine jeshi la nchi nyingine kabisa. Nyingi zilipelekwa kwa washirika wa Marekani, Denmark na Ugiriki zikiwemo, kisha zikarudishwa. Raia huweza kuuziwa hizo kupitia CMP, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, lenye maduka Anniston huko Alabama na Camp Perry, Ohio, kando ya Ziwa Erie. Mnunuzi sharti awe mwanachama wa klabu ya shabaha inayotambuliwa, na rekodi zake za jinai zichunguzwe kwanza.

Mnunuzi mgeni huvutwa na mbao. Akiona mbao nyekundu inayong'aa, moyo unamwenda mbio. Anayeijua Garand hutoa geji mbili. Moja huingia nyuma, pale risasi inapoanzia safari yake ndani ya mtutu, na kuonyesha jinsi moto wa baruti ulivyokula chuma. Ya pili huingia mdomoni mwa mtutu, na hiyo ndiyo yenye hadithi, kwa sababu Garand husafishwa kutokea mbele. Ilivyoundwa, fimbo ya kusafishia haiwezi kupita kutoka nyuma. Kwa hiyo kuna mitutu iliyopigwa risasi chache sana lakini midomo yake imetanuka kwa kusuguliwa na vijana waliokuwa wakimwogopa sajenti kuliko adui.

Mwenye jina hilo, John Garand, alizaliwa Quebec, Kanada, mwaka 1888, akafanya kazi katika kiwanda cha serikali cha Springfield, Massachusetts, tangu 1919 mpaka alipostaafu 1953. Hakubuni bunduki tu; alibuni pia mashine nyingi za kuitengenezea. Haki zake zote aliziachia serikali. Ulipotolewa muswada bungeni wa kumpa dola 100,000 kama shukrani, haukupita. Alilipwa mshahara wake, basi.

Alichokiunda kinaelezeka kwa maneno machache. Risasi inapokaribia kutoka, gesi kidogo huchepuka kupitia tundu lililo karibu na mdomo wa mtutu na kusukuma nyuma fimbo ndefu ya chuma. Fimbo huzungusha bolti na kuifungua, ganda linaruka nje, springi inarudisha kila kitu mbele na kuchukua risasi nyingine. Ukivuta triga tena, inalia tena. Risasi nane hukaa katika klipu moja ya bati, na ya nane ikishatoka klipu hurushwa juu kwa mlio mkali wa chuma ambao wapenzi wa bunduki hii huuzungumzia mno. Mimi hunivutia zaidi ile fimbo. Imepindwa. Anayeiona mara ya kwanza hudhani imeharibika na hutamani kuigonga inyooke, kumbe imepindwa makusudi ili ipite chini ya mtutu na mbao bila kugusa isipopaswa kugusa.

Kujua kama bado ina mpindo wake sahihi hakuhitaji mashine. Fundi hutoa springi, hurudisha fimbo na bolti mahali pake, kisha huinua mdomo wa mtutu juu, halafu huuinamisha. Fimbo iteleze nyuma kwa uzito wake, kisha iteleze mbele, bila kukwama popote. Ikisita, anatafuta pale ilipong'aa, maana chuma kinachosuguana hujisema chenyewe. Hapo ndipo anapokwangua, na mara nyingi anachokwangua ni mbao.

Kwenye mbao ndipo ufundi wenyewe ulipo. Za asili zilikuwa za mjozi, mti wa Marekani wenye rangi ya kahawia nzito, zikachovywa mafuta kiwandani. Baada ya miaka themanini zimenyonya mafuta ya bunduki, grisi ya ghalani na jasho mpaka zimekuwa nyeusi. Fundi mvumilivu hazipigi msasa. Huzifunga katika mfuko mweusi wa plastiki na kuzianika juani siku za kiangazi, grisi itoke yenyewe, anaifuta, anazirudisha juani. Msasa una dhambi mbili: hula kingo, na hushusha mbao chini ya chuma. Mbao ya Garand isiyoguswa husimama juu ya chuma kidogo sana, kiasi cha kuhisiwa na kidole tu. Ikishashushwa hairudi.

Halafu kuna mabonde. Bunduki iliyodondoshwa, iliyogongwa mlangoni, iliyolaliwa ndani ya lori, imejaa mabonde. Dawa yake ni kitambaa kibichi na pasi ya moto. Mvuke huingia kwenye nyuzi za mbao zilizobanwa, zikavimba na kurudi juu. Bonde linainuka ukilitazama. Ila nyuzi zilizokatwa haziinuki, na fundi huziacha, alama ibaki.

Na kuna bonde moja asiloligusa kamwe. Ubavuni mwa mbao mkaguzi wa kiwanda aligonga muhuri wake: herufi SA za Springfield na herufi za jina la mkuu wa kiwanda. Bunduki zilizokarabatiwa zina mihuri ya maghala, OG ya Ogden, RIA ya Rock Island, AA ya Augusta. Muhuri huo nao ni nyuzi zilizobanwa. Mvuke hauna macho. Ukipitisha pasi hapo, historia ya bunduki inavimba na kufutika pamoja na mabonde ya lori. Ndiyo maana utamwona fundi anapiga pasi kwa ncha tu, akizunguka muhuri kwa mbali, kitambaa amekikunja kimekuwa kidogo.

Kazi ngumu zaidi haionekani bunduki ikishafungwa. Garand haishikwi na skrubu. Kikingo cha triga ndicho mkono wa kabari: ukikifunga, chuma cha chini kinavutwa kuelekea chuma cha juu na mbao inabanwa katikati. Mbao ikiwa imechoka, kikingo hufungwa kilegevu, chuma kinacheza, na shabaha inatawanyika hata mtutu ukiwa mpya. Fundi huwasha utambi, hukusanya masizi, hupaka chuma, anakibonyeza ndani ya mbao, anakitoa. Palipoguswa pamekuwa peusi. Anachukua patasi au kikwanguo, anatoa ule weusi peke yake, anapaka tena, anabonyeza tena. Anatafuta mahali pawili pa nyuma paguse kwa uzito ulio sawa, kushoto na kulia. Pengine anabandika kipande chembamba cha mjozi pale palipopungua. Kikingo kinapoanza kukaza mwishoni mwa mwendo wake, na kikafunga kwa kusukumwa na kiganja, ameridhika. Wafyatuaji wa mashindano hutandika gundi ya epoksi mahali hapo, na kweli hudumu zaidi. Mimi nipeni ya masizi.

Yapo mabadiliko nisiyoyapenda. Maarufu ni kuikata fupi, mtindo unaoitwa Tanker. Jeshi lilijaribu Garand fupi mwishoni mwa Vita vya Pili na kuiacha; wafanyabiashara wakaifufua baadaye kwa jina lenye mvuto. Lakini mtutu ukifupishwa, tundu la gesi nalo linahama, na mapigo ya ile fimbo iliyopindwa kwa hesabu yanabadilika. Halafu wapo wakusanyaji wanaohangaika kila kipande kiwe na namba ya mwezi uleule. Jeshi lenyewe lilikuwa likitupa vipande vyote katika kapu moja wakati wa ukarabati. Wengine hufikia hatua ya kugonga mihuri mipya kwenye mbao mpya ili bei ipande.

Mwisho huja mafuta ya kitani. Matone machache kiganjani, unasugua mpaka kiganja kinapata joto, unafuta yaliyozidi, unaacha siku nzima, unarudia. Mteja aliyezoea vanishi atalalamika kwamba haing'ai. Fundi hamjibu kuhusu mng'ao. Humpa kikopo cha grisi kwa ajili ya njia ya bolti, humwonya asiifungue mbao kila wiki kwa udadisi maana kila kufungua kunalegeza, na humwambia vitambaa vya mafuta ya kitani avitandaze nje vikauke kimoja kimoja, asivikunje ndani ya pipa la taka, kwa kuwa hujiwasha moto vyenyewe.