Ubaharia wa Angani

Wahenga wetu wa pwani wametuusia: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Usia huo ndio mizani niliyoipimia Planetes, katuni ya Kijapani yenye sehemu 26, iliyooneshwa na shirika la utangazaji la NHK tangu Oktoba 2003 hadi Aprili 2004. Mwongozaji wake ni Goro Taniguchi, naye aliitoa katika hadithi ya michoro ya Makoto Yukimura.

Kisa ni cha mwaka 2075. Kijana Hachirota Hoshino, aitwaye Hachimaki, na wenzake wameajiriwa na kampuni iitwayo Technora kuzoa vifusi vinavyoizunguka dunia: satelaiti zilizokufa, mapande ya roketi, hata skrubu. Hawana silaha wala sifa. Wana mishahara midogo, fomu za kujaza, na ofisi ambayo wafanyakazi wengine huibeza kwa kuiita Nusu Idara. Lakini skrubu iendayo kilomita kama 28,000 kwa saa hutoboa chombo, na ni skrubu iliyompokonya Yuri, mmoja wao, mkewe.

Niliitazama katuni hii Katesh, wilayani Hanang, pamoja na wenyeji wangu, Wadatooga wa hapo hapo na Wairaqw waliotoka Mbulu. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, nami nikawafasiria kwa mdomo, kama wafanyavyo wafasiri wa vibanda vya video. Neno kifusi halikuhitaji maelezo. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, ubavu wa Mlima Hanang uliporomoka. Matope, mawe na magogo yakaingia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafariki. Waliofukua na kuzoa walikuwa askari na wananchi. Basi watazamaji wale hawakuuliza shujaa yuko wapi. Waliuliza: taka hizi za angani ni za nani?

Swali hilo ndilo kiini cha kazi yote. Tope la Hanang lilitoka mlimani. Kifusi cha angani kina mwenyewe. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaitwika nchi iliyorusha chombo dhamana ya hasara itakayotokea ardhini. Hata hivyo, tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya, na Shirika la Anga la Kenya likasema, kwa uchunguzi wake wa awali, kwamba ni kipande cha roketi. Wanakijiji wale hawakurusha roketi yoyote. Planetes iliuona udhalimu wa namna hii miaka 20 kabla, ilipoibuni El Tanika, nchi fukara ambayo neema za angani zinawapita watu wake.

Kasoro yake imo katika nusu ya pili. Hachimaki, ambaye ndoto yake ni kumiliki chombo chake mwenyewe, anaiacha Nusu Idara ili awanie nafasi katika Von Braun, jahazi kubwa la kwenda Mshtarii. Mwongozaji anatuonesha vyema jinsi tamaa inavyougandisha moyo wa kijana huyu, na jinsi Ai Tanabe, mwenzake kazini, anavyozidi kumpinga. Lakini macho yetu nayo yanafuatishwa huko huko kwenye ukubwa. Fee Carmichael, anayeongoza chombo chao kikuukuu huku akiisaka nafasi ya kuvuta sigara moja tu kwa amani, ana utu mwingi kuliko wagombea wote wa Mshtarii, naye anasogezwa pembeni. Hapo kazi yenyewe imeusahau ubaharia.

Tusicheke, maana sisi watunzi wa visiwani tuna deni hilo hilo. Tumesifu tanga, tumemsifu nahodha. Anayefua maji ya ngama usiku kucha, beti zake ziko wapi? Mpenzi wa tungo aitazame Planetes, hasa sehemu zake za mwanzo, akaone jinsi kazi ya kuzoa inavyoweza kubeba utungo mzima pasipo kupambwa.