Congo Hold-up: tunajua majina, lakini banki ilikuwa na kazi gani?

Ba licencié wenzangu,

Tangu Novemba 2021, tukiongea Congo Hold-up tunataja familia ya Kabila na zile dola milioni 138 za serikali, basi. Uchunguzi wenyewe ni kazi kubwa: hati milioni 3,5 za BGFIBank, Mediapart na PPLAAF walizipata, waandishi wa inchi mbalimbali wakazisoma. Haitegemei uvumi, inaonyesha karatasi. Hapo ninaipa heshima yake.

Lawama yangu ni moja: majina ya wakubwa yanakula nafasi. Mtu wa Kampemba anasoma, anasema "ni mambo ya Kinshasa", anafunga simu. Kumbe swali njo hili: mbele ya kutuma makuta, banki inapaswa kufanya nini?

Sheria 04/016 ya Julai 2004 ilishajibu: kumujua mteja, kuuliza makuta inatoka wapi, na kama kuna mashaka, kuarifu CENAREF. Leo sheria 22/068 ya Desemba 2022 imeshika nafasi yake. Tena Code civil ya 1888, kifungu 258: mwenye kuumiza mwingine kwa kosa lake, alipe. Kifungu 260 kinaongeza: bosi anajibu kwa kosa la mufanyakazi wake mu kazi. Kwa hiyo "mteja aliomba, tukatuma" si jibu. Siye ba agronome tunaelewa: muuza mbegu zilizooza hawezi kujitetea kwamba mfuko ulifika umefungwa.

Sasa, kulingana na uchunguzi, ile banki iliongozwa na Francis Selemani, ndugu wa kulelewa wa Kabila. Mlinzi na mwenye kulindwa ni nyumba moja. Nani angeuliza?

Waliouliza, tunajua yaliyowapata. Jean-Jacques Lumumba wa BGFIBank alikimbia inchi, akatoa hati 2016. Gradi Koko na Navy Malela wa Afriland First Bank walihukumiwa kifo 2020, wakiwa hawako.

Wengi wetu tunapeleka CV ku banki. Siku mkubwa atakuambia "tuma tu, usiulize", sheria iko upande wako, lakini ulinzi haujafika. Hiyo njo sura ningependa kusoma zaidi mu Congo Hold-up. Kujua mwizi ni vizuri, lakini bila kumulinda anayeuliza ku gishe, mwizi mwingine atapita mlango uleule.