Jessica Aliiba Nini?

Ndugu msomaji, nianze kwa kuungama. Katika zoezi la tafsiri la kikundi chetu cha waandishi chipukizi, niliandika kwamba Jessica "alimnyemelea" baba yake usiku. Wenzangu walicheka, nami nikanuna. Sasa naona walikuwa na haki ya kucheka, ila dawa waliyonipa haikuniponya.

Tulikuwa tunatafsiri kipande cha tendo la tano la tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitoa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. (Sharti lilikuwa tusiifungue tafsiri yake kwanza, na hata hapa simwiti aje kuwa hakimu.) Ni usiku wa mbalamwezi kule Belmont, Lorenzo na mkewe Jessica wanataniana. Lorenzo anamkumbusha jinsi alivyotoka kwa baba yake, Shylock, na kitenzi anachotumia ni "steal".

Basi hapo ndipo kazi ilipo. Kitenzi hicho kina maana ya kuchukua mali ya mtu, na pia maana ya kwenda au kuondoka kimya kimya usionekane. Hata "stealth", ambalo ndilo jina la mwendo huo wa siri, limetoka shina lile lile, na zamani lilimaanisha wizi. Na Jessica hakutoka mikono mitupu: alivaa nguo za kiume, akarusha kasha la vito dirishani, akarudi ndani kuongeza dukati. Lorenzo akitamka neno moja tu, kesha sema mkewe katoroka na mkewe ni mwizi, huku anacheka.

Turudi kwenye nyemelea yangu. Paka humnyemelea panya, chui humnyemelea mbuzi. Anayenyemelea ana windo mbele yake. Neno hilo lingemfaa Macbeth anapokiendea chumba cha Mfalme Duncan na kisu. Jessica anaondoka, hana wa kumrukia. Mimi nikamgeuza binti wa watu kuwa chui. "Nyata" ni afadhali, lakini linaishia miguuni.

Wenzangu wakapendekeza "alitoroka". Sikubali! Sikilizeni anavyojibu Jessica: anakichukua kitenzi kile kile na kumrudishia Lorenzo, kwamba naye aliiba roho yake kwa viapo visivyo vya kweli. Utani wote umekaa hapo. Ukitanguliza toroka, jibu la binti linaning'inia hewani. Na ile "aliondoka polepole bila kufanya kelele", ambayo mmoja wetu aliisoma kwa fahari kabisa, ni maelekezo ya jukwaani.

Neno nimelitafuta vitabuni wiki mbili, kumbe liko nyumbani. Mtaani kwetu mdundiko ukipita usiku, mama akakuta kitanda kitupu, husema: "Huyu kajiiba tena!" Hasemi katoroka, maana anajua mtoto atarudi alfajiri. Hasemi kaiba, maana hakuna kilichopungua ndani ila huyo mtoto. Mwizi ni yeye na mali iliyoibwa ni yeye.

Mwekeni Jessica hapo: "alijiiba kwa baba yake." Lorenzo anapata utani wake, na Jessica anapata cha kujibu: wewe je, si uliiba roho yangu? Tena linajitokeza jambo ambalo Kiingereza kimelificha kidogo, kwamba katika nyumba ile binti alihesabiwa pamoja na vito. Ndivyo mzee anavyosimuliwa akilia njiani, binti na dukati katika pumzi moja.

Mwenzetu mmoja kasema kujiiba ni neno la uswahilini, halina hadhi ya Shakespeare. Jamani! Hawa ni vijana wawili waliooana kwa siri, wamekaa nje usiku wanachokozana. Alitaka waseme "tuliondoka kwa njia ya usiri"? Zoezi langu nimelirudisha kwa mwenyekiti likiwa na neno hilo hilo, na safari hii wakicheka sinuni.