Mjeledi Mkononi mwa Nani?

Kila Machi 17, kisiwa cha Montserrat huko Karibi huvaa kijani. Mgeni hugongewa pasipoti muhuri wenye jani la pande tatu, nembo ya Ireland. Picha za sherehe ni poa, lakini mimi naona zinaipunja hadithi.

Mwaka wa 1768, Waafrika waliotiwa utumwani walipanga kuasi siku hiyo ya Mtakatifu Patrick, wakijua mabwana zao, wengi wao Wairishi, watakuwa wanakula na kunywa. Siri ikavuja. Tisa wakanyongwa. Tangu 1985 siku hiyo ni sikukuu ya umma, kwa ajili yao.

Ni kweli, kuna Wairishi waliofika wakiwa vibarua wa mkataba. Wengine lakini walimiliki watu. Kusema tu eti tamaduni mbili zilikutana ni kufunika kombe mwanaharamu apite.

Basi tazama wacheza ngoma wa barakoa: kofia ndefu, utepe wa rangi rangi, hatua zenye harufu ya Ireland juu ya mdundo wa Afrika Magharibi. Halafu mjeledi unalia. Zamani aliushika bwana. Leo anaushika mjukuu wa aliyechapwa. Hapo sherehe inasema kweli kuliko tangazo lolote la utalii.