Gundi Iliyotoka Ndani ya Uzi

Chomoa utepe mmoja kwenye kiroba cha plastiki kilichofumwa. Uvute kwa nguvu: utakukata kidole kabla haujakatika. Upasue kwa ukucha kufuata urefu wake: unachanika kama ukindu. Sasa usogeze karibu na moto: unasinyaa, unajikunja, na ukakamavu wote unapotea.

Majaribio hayo matatu yanabeba fumbo zima la nyuzi za plastiki zilizovutwa. Molekuli za plastiki ni minyororo mirefu iliyosokotana kama tambi kwenye sufuria. Ukiivuta plastiki, minyororo hujipanga upande mmoja, na mzigo hubebwa na mnyororo wenyewe. Miaka ya 1970, Ian Ward na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, waliivuta polithini mara nyingi kupita urefu wake wa awali, na ukakamavu ukapanda makumi ya mara.

Uzi walikuwa nao. Bamba hawakuwa nalo. Ili kupata bamba, desturi ni kulowesha nyuzi kwenye resini, yaani gundi inayoganda, lakini polithini ni telezi, gundi haiishiki vizuri. Kuziyeyusha nyuzi zishikane nako ni kujirudisha nyuma: joto linavuruga mpangilio uliopatikana kwa kuvuta.

Jibu walilolichapisha mwaka 1993 lilikuwa kuyeyusha ngozi tu. Nyuzi hupangwa ndani ya mashine ya kukandamiza, zikabanwa zisipate nafasi ya kusinyaa, kisha zikapashwa hadi karibu sentigredi 138. Ganda la nje la kila uzi, takriban sehemu moja kwa kumi, huyeyuka na kujaza mianya. Likipoa, fuwele mpya huota juu ya uzi uleule zilikotoka. Gundi na uzi ni ndugu wa damu, kwa hiyo hawakataani.

Ugumu wa kazi uko kwenye kipimo. Joto likipungua kidogo, nyuzi hazishikani; likizidi kidogo, zote zinayeyuka na unabaki na plastiki ya kawaida. Hapo ndipo kubana kunapolipa: uzi uliozuiwa kusinyaa huchelewa kuyeyuka, na fundi anapata nafasi kati ya ganda na kiini.

Njia hiyo ilihamia kwenye vitambaa vya tepe za polipropilini, jamii ileile ya kiroba chako. Mabamba yake, yanayouzwa kwa jina la Curv, yametumika kutengenezea masanduku ya safari ya kampuni ya Samsonite. Sanduku likiangushwa, bamba hubonyea na tepe hugawana pigo.

Usilitumie bamba hilo kutengenezea kifuniko cha injini, maana joto litalirudisha kuwa kama utepe uliosinyaa. Lakini kwa chombo chepesi kinachopigwapigwa, hesabu yake ni nzuri: likichakaa, halina nyuzi za kioo wala resini ya kutenganisha. Linayeyushwa lote kama plastiki moja.