Dakika Tisa kwa Alama Nne

Cisco ilipoanzisha CCIE, mtihani wake wa mafundi wa mitandao, mwaka 1993, mtahiniwa alipewa siku mbili. Kwanza alijenga mtandao, kisha msimamizi aliuharibu kusudi, naye akatakiwa kutafuta palipoharibika. Mwaka 2001 siku mbili zikawa moja. Tangu Februari 2020 siku hiyo imegawanywa tena: saa 3 za usanifu, mtu akisoma nyaraka na kuamua mtandao uweje bila kugusa kifaa, halafu saa 5 za kujenga, kuendesha na kurekebisha. Anayefika hapo amri anazijua. Kinachompima ni saa.

Hapa Kisangani, katika komini ya Makiso, yuko fundi wa neti anayejiandaa kwa mtihani huo, na alinikubalia nikae nyuma yake nimtazame akifanya zile saa 5 za mwisho. Mjini hakuna kituo. Kwa miaka mingi mtu wa upande wetu alielekea Dubai au Brussels, na ada peke yake inazidi dola 1,500 kabla hajanunua tiketi ya ndege. Kwa hiyo yeye hurudia nyumbani, tena na tena, mpaka kazi imkae mkononi.

Vifaa vyake si vingi: seva kuukuu inayoigiza rauta na swichi zote, skrini mbili, betri za sola chini ya dirisha, na kibodi cha Kiingereza. Hicho kibodi alikitafuta kwa makusudi. Kompyuta nyingi hapa kwetu zina mpangilio wa Kifaransa, ambao ukitaka tarakimu au nukta lazima ubonyeze kitufe kingine pamoja nayo. Anwani ya IP ni tarakimu na nukta tupu. Zidisha mbonyezo huo wa ziada kwa anwani mia kadhaa, utaona dakika zinavyomwagika. Sasa vidole vyake vinakwenda juu ya tarakimu bila macho kuvifuata.

Anawasha rauta nne nne, si zote kwa mpigo, maana zikiamka pamoja seva inalemewa na kila moja inachelewa. Amezipa majina ya komini: Mangobo, Kabondo, Tshopo, Makiso, Kisangani, Lubunga. Lubunga ameiunganisha kwa kiungo kimoja tu, kwa sababu na mjini nako Lubunga iko peke yake ng'ambo ya mto.

Saa tano kamili anafunua maswali. Kwa nusu saa nzima mikono haigusi kibodi. Anasoma yote mara moja, kisha anarudia na kalamu, akipigia mstari kila penye katazo: usitumie njia isiyobadilika, usiguse rauta fulani. Maswali yako kwa Kiingereza, lugha aliyojifunzia ukubwani, na anajua kwamba neno dogo la kukanusha likimpita swali zima limekwenda. Mtu asiyejua angedhani amekwama.

Kisha anachora. Waya kwa bluu, maeneo ya OSPF kwa kijani, mahusiano ya BGP kwa nyekundu. Pembeni anapiga jedwali: namba ya swali, alama zake, swali linalolitegemea, dakika. Hesabu ya dakika ameshaizoea. Saa 5 ni dakika 300. Anatoa 30 za kusoma na 45 za kukagua mwishoni, zinabaki 225. Mtihani aliojitungia una alama 100, hivyo kila alama inapata dakika 2 na robo. Swali la alama 4 lina dakika 9. Anaiandika 9 hiyo kwa wino na kuizungushia duara.

Ujenzi unaanzia chini. Swichi kwanza: VLAN, viungo vinavyozibeba, ulinzi dhidi ya mzunguko. Halafu OSPF, ili rauta za ndani zifahamiane. BGP baadaye, kwa kuwa inasimama juu ya OSPF. Amri anaziandika katika faili tupu, anazipitia kwa jicho, ndipo anazimwaga kwenye rauta. Baada ya kila swali anakagua, anahifadhi kwenye kila kifaa alichokigusa, anatia alama katika jedwali.

Mangobo na Tshopo zilikataa kuwa majirani. Hali ilisimama kwenye ExStart, ikatetereka, ikarudi palepale. Hapa nilipenda namna alivyosoma. Jirani za OSPF hupanda ngazi, na kufika ExStart maana yake salamu zimeshapita, eneo linalingana, vipima muda vinalingana. Hayo yote hakuyakagua, kwa sababu ngazi yenyewe ilikuwa imeshamjibu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukubwa wa pakiti: upande mmoja baiti 1500, upande wa pili 1400. Akasawazisha. Majirani wakakamilika, na dakika 2 hazikuwa zimeisha.

Swali la 14 halikuwa hivyo. Njia kutoka kwa mtoa huduma wa nje iliingia Lubunga, ikafika Mangobo kwa BGP, ikaonekana kabisa katika jedwali la BGP, lakini haikuingia katika jedwali la njia. Swali lilikuwa limetaja vichujio, naye akavichunguza vichujio kimoja kimoja. Dakika ya 7. Dakika ya 8. Mabega yake yalikuwa yamesogea mbele, na ilionekana wazi kwamba anahisi jibu liko karibu. Ilipofika dakika ya 9 aliondoa mkono kwenye kibodi, akaandika maneno matatu ya alipofikia, akageuza karatasi. Nadhani hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika ufundi huu, na hakuna amri inayoifundisha. Kuacha kitu kilichokushinda ni rahisi. Kuacha kitu ambacho dakika moja zaidi huenda ingekifungua, hapo ndipo mtu anapojulikana.

Karibu na saa nane umeme ulikatika. Feni ilinyamaza. Alitazama kipimo cha betri, akazima skrini ya pili, akaendelea na mstari aliokuwa akiuandika.

Kwenye swali la 17 alihitaji kulitazama jedwali la njia la Mangobo kwa sababu nyingine kabisa, na hapo akaona pengo: anwani ya mtoa huduma haimo. Lubunga ilikuwa inaipitisha njia bila kubadilisha anwani ya hatua inayofuata, kama BGP ya ndani inavyofanya kawaida, na Mangobo haikujua anwani hiyo iko wapi. Alimaliza la 17 kwanza. Kisha akarudi kwenye la 14, akaongeza mstari mmoja kule Lubunga, na njia ikaingia.

Zilipobaki dakika 45 aliacha kujenga. Kulikuwa na swali la alama 2 halijaguswa, na aliliacha hivyo hivyo. Akaanza kukagua kutoka swali la 1, kana kwamba kazi ni ya mtu mwingine. Jambo moja hapa sikulitegemea. Katika swali la 19 alikuwa ameweka orodha ya ulinzi kule Kabondo, na alipoikagua wakati ule kila kitu kilionekana kizima. Lakini BGP ikizibwa haifi papo hapo; kwa mpangilio wa kawaida husubiri sekunde 180 bila habari ndipo imtangaze jirani kuwa hayupo. Ukaguzi wa haraka huona maiti inayopumua. Ndiyo sababu yake ya kuacha ukaguzi mkubwa uwe wa mwisho, baada ya muda kupita. Alikuta jirani mmoja ameanguka, akafungua mlango wa 179 katika orodha ile, akasubiri, akahakikisha, akahifadhi.

Saa kumi alisimama, akiwa ameacha alama 2 kwa hiari. Kabla hata ya kula alipitia safu ya dakika. Swichi zilikuwa zimemla 40, naye alizipangia 35. Kesho yake asubuhi alifanya swichi peke yake, akaifuta kazi yote, akaianza upya.