Kulungu Aje Ndani ya Yadi 15

Katika jimbo la Missouri, katikati ya Marekani, safari ya mtoto anayetaka kuwinda kulungu kwa mshale katika baadhi ya hifadhi huanza na bahati nasibu. Maombi hupokelewa Julai, majibu hutoka Agosti, na jina lake likichomoza anapewa kibali maalumu cha siku chache, katika eneo lililotajwa na si hatua moja nje yake. Msomaji wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, huenda akashangaa kwamba serikali inamruhusu mtoto kuua mnyama. Hesabu ya Missouri ni nyingine. Mwaka 1925 kulungu wa mkia mweupe waliobaki jimboni hawakufika 400. Leo wamepita milioni moja. Mbwamwitu waliokuwa wakiwala walikwisha zamani, na kulungu hao wanaguguna miche ya msituni mpaka isiinuke, wanaingia mashambani, wanagongana na magari usiku. Uwindaji wa vibali ni njia mojawapo ya kuwapunguza.

Mimi navutiwa zaidi na wiki zinazofuata baada ya jina kutoka, na hasa na mtu mzima anayesimama nyuma ya mtoto. Mara nyingi ni baba au shangazi, au jirani aliyezeekea msituni. Kazi yake haionekani kwenye picha, lakini fundi ni yeye.

Anaanza na upinde. Upinde wa kapi ulibuniwa humohumo Missouri na Holless Wilbur Allen, aliyepewa hataza yake mwaka 1969. Kwenye ncha zake mna magurudumu ya duara la upogo: mvutaji anakutana na uzito wote njiani, kisha karibu na mwisho uzito unapungua ghafla. Upinde wa pauni 40, yaani kilo 18 hivi, ukishavutwa mpaka mwisho unauachia mkono kilo nne tu au tano za kushikilia. Ndiyo maana mtoto wa miaka 12 anaweza kuvuta akangoja. Mvulana wa Kihadzabe kando ya Ziwa Eyasi hana nafuu hiyo. Upinde wake ni mti na kano, na kadiri anavyovuta ndivyo unavyozidi kumkatalia.

Mwalimu mwenye pupa humpa mtoto uzito anaoumudu kwa shida, akidhani atauzoea. Mwenye ujuzi humketisha kwenye ndoo iliyofunikwa, akamwambia aelekeze mshale kwenye shabaha na avute taratibu, moja kwa moja. Mtoto akiuinua upinde juu angani ili apate nguvu, mwalimu hasemi neno. Anachukua ufunguo, analegeza skrubu mzunguko mmoja juu na mmoja chini, kisha wanarudia. Wanaendelea hivyo mpaka upinde uvutike bila bega kupanda. Kulungu aliye hatua chache hatasubiri mtu amalize kupigana na upinde wake. Isitoshe, majaribio yanafanyika na koti zito la baridi mwilini, kwa sababu upote una tabia ya kukwaruza mkono wa koti, na mshale ukaenda kwingine kabisa.

Halafu inakuja namba. Kila mpiga mshale ana umbali wake, na umbali wa mtoto haupangwi, unatafutwa. Sahani ya karatasi, yenye upana unaokaribia ule wa moyo na mapafu ya kulungu, inabandikwa kwenye shabaha. Yadi 10, mishale yote iko ndani. Yadi 15, yote. Yadi 20, minne ndani na mmoja nje, sentimita mbili tu kutoka ukingoni. Mtoto anacheka, anaona amefaulu. Mwalimu anauamini mshale ule wa tano kuliko ile minne, anarudi yadi 15 na kuchimbia kijiti ardhini. Hapo ndipo mwisho. Kuanzia siku hiyo kinachohesabiwa ni mshale wa kwanza tu, ule unaopigwa asubuhi kabla misuli haijachangamka, kwa sababu msituni hakuna mshale wa kujipasha moto.

Ugumu huu una sababu. Mshale wa upinde mwepesi huenda mita 60 hivi kwa sekunde, ilhali mlio wa upote unakwenda karibu mita 340. Mnyama anausikia kwanza. Akishtuka hujiinamisha ili apate nguvu ya kuruka, na kwa kujiinamisha tu mshale unampita juu ya mgongo au, vibaya zaidi, unamjeruhi mahali pasipoua. Kwa yadi 15 mshale umeshafika katika robo ya sekunde. Kwa yadi 30 anapata karibu nusu sekunde, na huo ni muda mrefu kwa kulungu.

Kwa hiyo mwalimu anaigeuza kazi nzima. Badala ya kumnyoosha mtoto afike alipo kulungu, anatafuta mahali msituni ambapo kulungu mwenyewe atapita ndani ya yadi 15. Anasoma kinyesi, magome yaliyosuguliwa kwa pembe, matunda ya mwaloni yaliyopasuliwa chini ya mti. Anatikisa kichupa cha poda na kutazama vumbi linaelekea wapi, kwani pua ya kulungu haidanganyiki. Dungu la juu ya mti ni zuri, ila kwa mtoto wengi huchagua kibanda cha kitambaa chini, wakaketi wawili bega kwa bega na weusi wa ndani ukaficha mikono isiyotulia.

Kibanda nacho kina mtego wake. Pini ya kulengea iko juu ya mshale kwa upana wa kiganja hivi. Mtoto anaweza kumwona kulungu wazi kabisa dirishani huku ncha ya mshale ikiangalia kitambaa. Basi kibanda husimikwa kwanza uani nyumbani, wiki kadhaa kabla, na mtoto anafundishwa kuinamisha macho na kuutazama mshale wenyewe kabla ya kugusa kifyatuo.

Kuna pia kulungu wa sponji, ambaye mwalimu humzungusha kila baada ya mshale. Akiwa ubavu, sawa. Akiwa amegeuka kidogo kukupa mgongo, sawa, lenga ukikumbuka mguu wa mbele wa upande wa pili. Akikuangalia usoni, shusha. Napenda sana mazoezi haya ya kushusha. Mtoto anavuta, anashikilia, anaambiwa “shusha,” na analazimika kuurudisha upote polepole, jambo gumu kuliko kuuachia. Mwalimu mzuri hulisema neno hilo mara nyingi kiasi cha kuudhi.

Na mshale ukishapigwa, wanakaa. Nusu saa kwa uchache, hata kama kulungu ameonekana akianguka; mnyama anayefuatwa mapema huinuka na kupotea na kidonda chake. Kisha mtoto ndiye anayetangulia, mwalimu nyuma yake akiweka alama kila tone linapoonekana. Damu ya waridi yenye povu inatoka mapafuni, naye hayuko mbali. Damu nyeusi ni ya ini, na hapo wanarudi kibandani kungoja saa kadhaa. Akipatikana, mtoto anakata alama kwenye kibali chake kabla mnyama hajasogezwa, na taarifa inapelekwa kwa mamlaka ya jimbo kabla ya saa nne usiku wa siku hiyohiyo.